Mashini ya zamani si mwizi: tuirekebishe kabla ya kuomba mpya

Katika uwanda wa Ruzizi, kutoka Kamanyola mpaka karibu na Uvira, kila msimu wa mavuno unaleta malalamiko yale yale. Mama amepeleka gunia la mpunga kwenye mashini, amerudi na mchele kidogo kuliko alivyotumaini, na sehemu kubwa ni chenga. "Ile mashini inakula mchele yetu," anasema. Mwenzake anajibu kwamba si mashini inayokula, ni mashinisti. Kisha kooperative inaketi kwenye mkutano, watu wanasema mpaka jioni, na uamuzi unaandikwa: tuombe mradi utupatie mashini mpya.

Barua hizo ninazisoma kila mwaka, ni sehemu ya kazi yangu. Karibu zote zinafanana: mashini imechoka, mashini imepitwa na wakati, tunaomba nyingine. Katika barua hizo sikumbuki hata moja iliyosema: tulipima kilo 100 za mpunga, tukapata mchele wa kilo kadhaa, tukasogeza kisu, tukapima tena. Hapo ndipo ninapotaka kubishana na ninyi, ndugu zangu wakulima, na pia na sisi tunaoleta miradi.

Maoni yangu ni haya: mashini nyingi za kukoboa tulizo nazo hazihitaji kubadilishwa mwaka huu. Zinahitaji ufunguo, piyesi mbili tatu za bei ndogo, saa chache za kazi, na mtu anayejua anachotafuta. Na kama hatujui kurekebisha ile ya zamani, ile mpya nayo itakuwa ya zamani baada ya misimu miwili.

Mashini tuliyo nayo

Ile mashini ya chuma inayoonekana karibu kila kijiji chenye mpunga, wengine wanaiita dekortikezi, jina lake la kweli ni Engelberg. Ilibuniwa Brazili mwaka 1885 na Evaristo Conrado Engelberg. Ni zaidi ya miaka 130 sasa, na umbo lake halijabadilika sana. Hiyo ndiyo sababu fundi wa Sange ao wa Luvungi anaweza kuifungua bila kitabu.

Ndani yake hakuna maajabu. Kuna silinda ya chuma yenye mbavu. Upande mpunga unapoingilia, mbavu zimelala kidogo ili zisukume punje mbele. Baada ya hapo zimenyooka, ili zizungushe punje na kuzisugua. Chini ya silinda kuna chungio la bati lenye matundu marefu membamba. Pembeni kuna kisu, ambacho ni kipande cha chuma kilichonyooka, kimeshikwa na buloni. Kisu hicho hakikati mpunga, kinauzuia kidogo tu ili punje zisuguane zenyewe kwa zenyewe mpaka ganda litoke. Juu kuna mlango wa kuingizia mpunga, mwishoni kuna mlango wa kutolea mchele. Ganda na pumba vinapita kwenye matundu ya chungio na kuanguka chini pamoja.

Kwa hiyo kuna vitu vinne vya kurekebisha: mlango wa kuingilia, kisu, mlango wa kutokea, na mwendo wa silinda. Kuna na piyesi tatu zinazochakaa: silinda, kisu na chungio. Mtu akivielewa vitu hivi, ameielewa mashini.

Pesa inaenda wapi?

Tuanze na punje yenyewe. Katika kilo 100 za mpunga mkavu, karibu kilo 20 ni ganda. Kilo 8 mpaka 12 ni pumba. Kinachobaki, ambacho ni mchele mweupe, ni kilo 68 mpaka 72. Hiyo ndiyo zawadi ya Mungu, hakuna mashini itakayotoa zaidi.

Engelberg ya kawaida, inayopitisha mpunga mara moja, inatoa karibu kilo 53 mpaka 55 za mchele, na katika hizo ni sehemu tu iliyo punje nzima. Zingine ni chenga. Na kilo nyingine kama 15 za mchele zimevunjika ndogo sana, zimeanguka chini pamoja na pumba. Ukienda nyuma ya mashini ukachota ule unga unaoitwa pumba na kuupepeta juu ya ungo, utaviona vipande vyeupe. Ule ni mchele wako. Kuku wa mwenye mashini wanajua hilo muda mrefu kabla yetu.

Tuchukue mfano ili tuone uzito wake. Tuseme sokoni mchele mzima ni franka 2.500 kwa kilo, na chenga ni franka 1.500. Gunia la kilo 100 la mpunga linalotoa kilo 30 za mchele mzima na kilo 25 za chenga lina thamani ya franka 112.500. Sasa tuseme mpunga umekaushwa vizuri, mashini imerekebishwa, na gunia lile lile linatoa kilo 42 za mchele mzima na kilo 18 za chenga. Thamani inakuwa franka 132.000. Tofauti ni franka 19.500 kwa gunia moja. Kooperative inayokoboa magunia 400 kwa msimu inaacha chini ya mashini franka 7.800.000. Weka bei za soko lako mahali pa bei hizi, fanya hesabu tena, utaona kwamba pesa ya piyesi iko mle ndani.

Na si hesabu ya pesa peke yake. Mchele unaotoka nje ya nchi unafika Uvira na Bukavu ukiwa mweupe, punje zinafanana, gunia limeshonwa. Mnunuzi akiweka mkono katika gunia letu akakuta chenga, mpunga na vijiwe, haulizi ladha. Na mchele wetu una ladha nzuri, kila mtu anajua. Tunashindwa kwenye macho kabla ya kufika kwenye sahani.

Kosa la kwanza haliko kwenye mashini

Kabla ya kushika ufunguo, shika mpunga. Punje nyingi zinazovunjika ndani ya mashini zilikuwa zimepasuka kabla ya kufika pale. Mpasuko ni mwembamba, hauonekani kwa jicho haraka, lakini punje ikisuguliwa kidogo inaachana.

Inapasuka namna gani? Mpunga uliokauka ukipata maji tena, ndani kunavimba kwa haraka na punje inapasuka. Umande wa usiku mmoja juu ya mpunga ulioachwa nje unatosha. Mvua ya dakika kumi inatosha. Vilevile mpunga ukibaki shambani muda mrefu baada ya kuiva, unakauka mchana, unalowa usiku, kila siku vile. Wakati mzuri wa kukata ni pale punje 80 mpaka 85 kati ya 100 kwenye suke zimekuwa na rangi ya majani makavu. Anayengoja zote ziwe hivyo amekwisha kupoteza.

Kukausha nako kuna namna yake. Tandika mpunga juu ya bashi, si juu ya udongo wala juu ya barabara. Tabaka liwe la sentimita 2 mpaka 4. Geuza kila nusu saa. Jua la saa sita likiwa kali sana, funika ao kusanya kidogo, ili usikauke kwa nguvu juu huku chini ungali na maji. Jioni ingiza ndani. Na usichanganye mpunga wa jana uliokauka na wa leo uliotoka shambani: wa jana unakunywa maji ya wa leo, unapasuka.

Mpunga wa kukobolewa unatakiwa kuwa na unyevu wa karibu 14 kwa 100. Wengi hatuna kifaa cha kupimia. Kuna njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi kavu kidogo na mpunga mpaka robo ya chupa, funga, tikisa dakika mbili tatu, uache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mpunga bado una unyevu, urudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, mpunga umekauka. Wamama wengi wanatumia meno: punje kavu inakatika kwa mlio, punje yenye maji inapondeka. Njia hiyo nayo ni nzuri. Tatizo ni kwamba hakuna anayemuuliza mama pale kwenye mlango wa mashini.

Ndiyo maana naona kila mashini ya kooperative inapashwa kuwa na haki ya kukataa. Mpunga mbichi usipite. Leo mashinisti anaupitisha kwa sababu anaogopa kumkasirisha mwanachama, kisha lawama inarudi kwake na kwa mashini.

Kushika ufunguo: alama na dawa

Neno moja la usalama kwanza. Hakuna mkono unaoingia karibu na silinda wakati motere inazunguka. Hakuna. Zima motere, ngoja isimame kabisa, ondoa mkanda, ndipo ufungue. Na mkanda uwe na uzio wa mbao ao wa bati. Kitenge cha mama anayengoja mchele wake kinaweza kushikwa na mkanda kwa mara moja, na mkanda hausikii kelele.

Sasa tuangalie mchele wenyewe, kwa sababu mchele ndio unaosema mashini inaumwa wapi.

Mchele unatoka ukiwa na mpunga mwingi ambao haukukobolewa. Msuguano ni mdogo. Mlango wa kutokea umefunguliwa sana, ao kisu kiko mbali na silinda, ao silinda inazunguka polepole kwa sababu mkanda unateleza. Anza na mkanda, ndio rahisi zaidi. Kisha funga kidogo mlango wa kutokea. Mwisho ndipo usogeze kisu. Kama baada ya hayo yote mpunga ungali mwingi, tazama mbavu za silinda: zikiwa zimekuwa za duara kama kidole, silinda imekwisha kazi yake.

Mchele unatoka na chenga nyingi, tena una moto mkononi. Msuguano ni mkubwa mno. Fungua kidogo mlango wa kutokea. Mchele ukipoa na chenga zikapungua, umepata. Kama hazipungui, kisu kiko karibu mno, kirudishe nyuma. Kama chenga zingali nyingi lakini mchele hauna moto, rudi kwenye mpunga: huenda ulipasuka zamani juani.

Vipande vikubwa vya mchele, ao hata punje nzima, vinaonekana katika pumba. Chungio limepasuka, ao matundu yamepanuka, ao halikufungwa sawasawa na limeacha nafasi pembeni. Kutia kiraka cha bati juu ya tundu kunasaidia siku mbili. Chungio ni piyesi ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayoiba zaidi ikiachwa. Kooperative isiyo na chungio moja la akiba depoo haiko tayari kwa msimu.

Motere inalia, inatoa moshi mweusi, mashini inakaba. Umeingiza mpunga mwingi kwa mara moja, ao mpunga una maji. Punguza mlango wa kuingilia. Ikiendelea, safisha filtre ya hewa: vumbi la ganda linaiziba kila siku, na motere isiyopumua inakunywa mazutu bure.

Mashini inatetemeka ao inapiga kelele ya chuma. Zima mara moja. Jiwe, msumari ao buloni imeingia, ao rulma zimekwisha. Ungo wa kupepetea mpunga kabla ya kuumwaga ndani ya mashini ungezuia nusu ya matatizo haya.

Kuhusu kisu, mashinisti wengi wanakikaza mpaka mwisho wakifikiri ndivyo kinavyofanya kazi. Hapana. Kisu kisiguse silinda hata siku moja. Anza na kisu kikiwa mbali, pitisha kilo chache za mpunga, sogeza kidogo, pitisha tena, mpaka mpunga ambao haukukobolewa ubaki kidogo. Simama hapo, usitafute kuumaliza wote: ile punje ya mwisho itakugharimu punje kumi zilizovunjika. Nafasi ya kisu iwe sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa karibu na mwingine mbali, utapata chenga na mpunga pamoja, na hutajua ulaumu nini. Visu vingi vinaweza kugeuzwa: ukingo mmoja ukichakaa, unatumia wa pili. Nimeona vikitupwa vikiwa na ukingo mzima.

Mwendo: ugonjwa usioonekana

Jambo hili nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu limeharibu mchele mwingi bila mtu kuligundua.

Mashini nyingi ziliwekwa pamoja na motere za zamani, nzito, za mwendo wa polepole. Motere imekufa, kooperative imenunua nyingine ya Kichina ya silinda moja, nyepesi, ya bei nafuu. Imefungwa mahali pa ile ya zamani, na puli ile ile imehamishwa. Tangu siku hiyo chenga zimeongezeka, na watu wanasema mashini imezeeka.

Hesabu yake ni rahisi. Mizunguko ya motere kwa dakika, mara upana wa puli ya motere, gawanya kwa upana wa puli ya mashini. Tuseme motere ya zamani ilikuwa na mizunguko 1.500, puli yake sentimita 20, puli ya mashini sentimita 40. Silinda ilizunguka mara 750 kwa dakika, ni mwendo mzuri. Motere mpya ina mizunguko 2.200, imeandikwa kwenye kibati chake. Kwa puli zile zile silinda sasa inazunguka mara 1.100. Mashini za namna hii kwa kawaida zinataka kati ya 600 na 900. Ile punje haikobolewi tena, inapigwa.

Dawa si mashini mpya. Dawa ni puli ndogo zaidi ya motere. Puli ya sentimita 14 inarudisha silinda kwenye mizunguko 770. Fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza ao kuipata sokoni Uvira. Wako mashinisti waliojua kwa sikio kwamba mwendo umezidi, wakapunguza mafuta ili motere izunguke polepole. Wana sikio zuri, lakini motere iliyopunguzwa hivyo inakosa nguvu mpunga ukiingia, mwendo unapanda na kushuka, na mchele unatoka wa kila namna.

Anayelipwa kwa gunia atakimbia

Hata mashini iliyorekebishwa vizuri itaharibiwa kama malipo yanamsukuma mashinisti vibaya. Mahali pengi analipwa kwa idadi ya magunia yaliyopita. Kwa hiyo anafungua mlango wa kuingilia, anakaza kila kitu, anapitisha mara moja, anaita mwingine. Watu wako kwenye msururu, jua linazama, mazutu yako na bei. Mimi simlaumu. Angekuwa nani asingefanya vile?

Engelberg inafanya kazi vizuri zaidi ikipitisha mpunga mara mbili: mara ya kwanza kisu na mlango vikiwa vimelegea, kisha kupepeta ganda, mara ya pili kusafisha. Inachukua muda na mazutu zaidi, ni kweli. Lakini kwa mchele unaoenda kuuzwa mjini, chenga zinazookolewa zinalipa mazutu hayo. Mchele wa kula nyumbani unaweza kupita mara moja, mwenye nao aamue. Kooperative iweke bei mbili, na mashinisti alipwe kwa siku pamoja na kitu kidogo juu ya ubora, si juu ya mbio.

Na pumba zihesabiwe. Mahali ambapo pumba zinabaki kuwa mali ya mashinisti ao ya mwenye mashini, mtu huyo anapata faida chungio likiwa na tundu. Siseme kwamba anafanya kusudi. Nasema tusimweke mtu mahali ambapo kosa linamlisha.

"Lakini Engelberg imepitwa na wakati"

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu hata kwenye chuo cha agronomia ndivyo tulivyofundishwa: mashini ya mipira miwili inatoa ganda bila kuvunja punje, kisha mashini nyingine inasafisha. Inatoa mchele mwingi zaidi na chenga chache. Ni kweli, sibishi. Mahali penye mpunga wa kutosha, fundi, na njia ya kupata mipira, ndiyo njia ya kwenda.

Lakini tuulize maswali mawili. Ile mipira inachakaa haraka kuliko chuma, na lazima ibadilishwe mara kwa mara. Itatoka wapi, na nani atailipa wakati barabara imekatika ao mradi umefunga? Swali la pili: mpunga wetu uko sawa? Mashini ya mipira inataka mpunga uliokauka sawasawa, uliopepetwa, usio na mawe. Tukiipa mpunga tunaoipa Engelberg leo, mipira itakatika kabla ya msimu kwisha. Mashini nzuri zilizokaa chini ya mahema zikingoja piyesi, mnazijua kuliko mimi. Zingine bado zina rangi.

Kwa hiyo sisemi tukae na chuma cha zamani milele. Nasema kooperative inayojua kupima, kukausha na kurekebisha Engelberg yake ndiyo itakayoweza kutunza mashini ya mipira kesho. Isiyojua itaomba tena.

Na sisi wa miradi?

Haitakuwa haki kuwasema wakulima tu. Mashini mpya inapigwa picha vizuri, ina kibao, ina siku ya sherehe. Chungio na kisu havipigwi picha. Tumezoea kuhesabu mashini zilizotolewa, hatuhesabu zinazofanya kazi baada ya misimu mitatu. Mashinisti anafundishwa siku moja, siku ile ile ya hotuba, na fundi aliyekuja na mashini anaondoka na funguo zake.

Naomba mambo matatu kwa yeyote anayefadhili mpunga katika uwanda huu. Kwanza, kabla ya kununua mashini mpya, tumieni fundi wiki moja arekebishe zilizopo, na mpime kabla na baada. Pili, kila mashini inayotolewa ije na visu, machungio na mkanda wa akiba kwa misimu miwili, na seti ya funguo inayobaki kijijini. Tatu, fundisheni watu wawili kwa kila mashini, na mmoja awe mama. Wamama ndio wanaopepeta, ndio wanaouza, wanajua chenga zinagharimu nini sokoni.

Mambo ya kufanya kabla ya msimu ujao

Kooperative nazo zina sehemu yao, na haihitaji barua kwa mtu yeyote.

Fungueni daftari la mashini. Kila siku liandikwe: mpunga ulioingia, mchele uliotoka, mazutu, piyesi iliyobadilishwa. Mchele ukianza kupungua, daftari litasema kabla ya uvumi.

Pimeni kila mwanzo wa wiki. Kilo 10 za mpunga ule ule, kobola, pima mchele. Kisha chukua mkono mmoja wa mchele, hesabu punje 200, tenga zilizovunjika. Weka sufuri ao mia, lakini andika. Kazi hii inachukua nusu saa na inaweza kufanywa mbele ya wanachama wote. Maneno ya wizi yanapungua sana watu wakiona mizani.

Wekeni akiba ya piyesi. Sheria ya OHADA juu ya kooperative, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2012, inataka kooperative iweke akiba, na pia akiba ya mafunzo. Watu wengi wanaiona kama karatasi ya serikali tu. Lakini franka chache juu ya kila gunia linalokobolewa, zikiwekwa kando na kuandikwa, zinanunua chungio na kisu kila msimu bila kuomba mtu.

Mkifanya haya msimu mmoja mzima na mkaona mchele hauongezeki, hapo andikeni barua ya kuomba mashini mpya. Lakini mtie ndani yake kurasa za daftari: mlivyopima, mlivyorekebisha, mashini ilivyoshindwa. Barua hiyo mimi mwenyewe nitaibeba mpaka Bukavu, na sidhani kama yuko mfadhili atakayeirudisha.